Hita ya Pijo

Mwezi wa pili, saa saba mchana, Barabara ya Kumi na Nne,
bati la gereji linalia lenyewe kwa jua,
na mwanamke anashuka kwenye Pijo la kijivu
ananiambia: Fundi, gari langu halina joto.

Mwinjuma aliangusha spana kwa kicheko.
Joto? Tanga hii? Tukuchotee ndoo ngapi?
Mwenyewe hakucheka. Sweta lake la kahawia
lilikuwa kiunoni, mikono imepigwa fundo
kama mtoto aliyebebwa kinyume.

Jina, Elinaza Shemhilu. Kazi, mkunga.
Kwake ni huko juu, kupita Magamba,
ambako simu ikilia saa tisa usiku
uchungu hauulizi kama kioo kinaona.
"Nafuta ukungu kwa khanga," alisema,
"mkono huu usukani, huu kiooni,
na kona za kule, fundi, hazina subira."

Basi nikafungua boneti.

Hita ni maji yanayopita.
Yatoke injini yakiwa ya moto, yaingie kwenye kifua kidogo
nyuma ya dashibodi, feni ipulize, umemaliza.
Kwa hiyo unayafuata maji.
Rejeta imejaa. Feni inavuma,
sauti ya nzige ndani ya kopo, lakini inavuma.
Thamostati nikaichemsha kwenye sufuria ya chai
ya Bi. Mwantumu wa ng'ambo ya barabara;
ikafumbuka polepole, mdomo wa changu sokoni,
ikafumba ilipopoa. Nzima.
(Sufuria alikataa kuipokea. Nimemnunulia nyingine.)
Nikashika mipira miwili inayoingia ukutani.
Injini inatokota, mipira baridi
kama pua ya mbwa.

Nikalala chini, tochi mdomoni,
nikamwona mwizi.
Kipande cha bomba la shaba, kimekunjwa kiwiko,
kimeunga mpira na mpira
ili maji yarudi yalikotoka bila kubisha hodi ndani.
Na waya wa kukazia: mizunguko miwili,
ncha imelazwa kushoto, ikagongwa isichane mtu.

Ngamiani nzima hakuna fundi anayelaza ncha kushoto.
Mimi ni wa shoto.

Ikanijia. Bwana Kanji wa duka la baiskeli,
hita ilimvujia miguuni, viatu vya ngozi vikilowa.
Nikamwambia: Hita ya nini, Tanga?
Nikakata. Akacheka, akalipa, akaongeza soda.
Miaka kumi na moja.
Gari likauzwa, likauzwa tena, likapanda mlima
na ujanja wangu tumboni.

Nilikaa chini ya gari kuliko ilivyohitajika.
Ningeweza kusema, kuna mjinga mmoja alipita hapa.
Mwinjuma alishasogea, anangoja jina la kutukana.
Nikatoka na kiwiko mkononi:
"Mama, hiki ni changu."

Alikigeuza, akakigeuza.
"Baridi hujaijua wewe."
"Niliionja Soni, kwenye msiba. Sikulala."
"Waja leo, waondoka leo,"
akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Siku mbili. Kifua nikakitoa, ufa nikaulehemu,
nikakisukutua kwa siki
hadi kile kilichotoka rangi ya chai
kikatoka rangi ya maji.
Mipira mipya. Koki ilikuwa imeganda, nikaibembeleza kwa mafuta
na kwa maneno ambayo mkunga hakupaswa kuyasikia.

Tukaijaribu saa saba, vioo juu.
Pumzi ya kwanza ilikuwa vumbi,
na ndani ya vumbi, naapa, tambuu ya Bwana Kanji.
Kisha moto mkavu ukaja.
Yeye kavaa sweta. Mimi jasho linaingia masikioni.
Watoto wa mtaa wamebandika pua vioo vyote vinne
wakidhani tunatolewa pepo.
Nikanyoosha mkono kuzima.

"Bado," alisema, macho amefumba,
"ngoja lifike hapa,"
akagusa vifundo vya vidole vyake.

Nikangoja.